Chuma cha Babu

Ndani ya sanduku langu la bati, chini ya kaunta buku sita nilizojaza hadithi ambazo hakuna mchapishaji aliyezitaka, kuna mguu wa Babu. Usishtuke, msomaji. Ni picha ya eksrei, imo kwenye bahasha ya kaki iliyoanza kulika pembeni. Nikiwa peke yangu huwa naitoa, naiinua dirishani, naitazama. Halafu nairudisha. Nimeihama nayo kutoka Kamachumu hadi chumba changu cha kupanga hapa Bukoba, na mama mwenye nyumba alipoiona mara ya kwanza aliniuliza kama mimi ni mganga.

Mimi siyo mganga. Nina miaka 25, elimu yangu ni kidato cha nne, na watu wakiniuliza kazi nasema mwandishi. Wakiniuliza nimeandika nini, nabadili mazungumzo. Lakini habari ya picha hii nimeibeba kwa miaka mingi, na leo nataka kuitua.

Babu yangu alikuwa na chuma mguuni. Hivyo ndivyo tulivyokua tukijua, sisi wajukuu wote, na majirani, na hata watoto wa shule waliokuwa wakipita kwenye kibanja chetu kuomba maembe. Mguu wa kulia ulikuwa umepinda kidogo chini ya goti, naye alitembea akiuburuta. Jioni, wazee wenzake wakija, kahawa ya kutafuna ikizunguka na kibuyu cha lubisi kikiwa katikati, mmoja wetu angeuliza tu, "Babu, ilikuwaje pale Kyaka?" Basi! Hapo hakuna kulala. Angesimulia jinsi majeshi ya Amin yalivyoingia mwishoni mwa Oktoba 1978, yakaikalia nchi yote ya kaskazini ya mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Angesimulia jinsi alivyojiunga na mgambo pamoja na mdogo wake, wakavuka mto usiku, na bomu likalipuka. Mdogo wake akafa. Yeye kipande cha chuma kikamwingia mguuni, kikabaki humo. "Kipo hapa," angesema akipiga muundi wake kwa ncha ya fimbo. "Mvua ikikaribia kinaniambia."

Na kweli mvua ilikuwa ikinyesha! Wale wazee wenzake walikuwa wakitikisa vichwa tu, wanatafuna kahawa, hawasemi kitu. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, Babu alivaa koti lake la pekee akaenda Kaboya, humu humu wilayani Muleba, kwenye makaburi walikozikwa mamia ya askari wetu wa vita ile. Tulimwona shujaa kati ya mashujaa. Nilipokuwa kidato cha pili nilianza kuandika riwaya yangu ya kwanza, jina lake "Chuma cha Kyaka". Sura nane zilijaza kaunta buku nzima. Mhusika mkuu alikuwa Babu, ila nilimwongezea urefu.

Kisha ikaja Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016. Wa Kagera wote tunaijua. Babu alikuwa amekuja Bukoba kumwona shangazi pale Kashai, nami nilikuwa nimemsindikiza. Ilikuwa alasiri, tumekaa uani. Kwanza nilisikia kama lori kubwa linapita chini ya nyumba. Halafu ardhi ikatikisika, vyombo vikaanguka, watu wakapiga mayowe mtaa mzima. Tetemeko lile lilikuwa la ukubwa wa 5.9. Liliua watu zaidi ya 15, likajeruhi mamia, likabomoa nyumba nyingi, na hata shule kongwe za Ihungo na Nyakato zikaharibika vibaya. Kwetu ulianguka ukuta wa jiko. Babu hakuwahi kuondoka. Matofali yalimwangukia mguu, tena mguu ule ule wa kulia.

Usiku ule tulilala nje kama watu wengi wa mji, tukiogopa tetemeko la pili. Kesho yake nikampeleka hospitali. Foleni ilikuwa ndefu, watu wamelala hata kwenye nyasi. Babu hakulalamika. Jambo moja tu lilimsumbua, na wakati ule sikulielewa. Nesi aliposema, "Mzee, tutakupiga picha," yeye akajibu, "Haina haja. Nifungeni tu." Nikamwambia, "Babu, watakiona chuma chako!" Nilisema kwa furaha. Nilikuwa na miaka 16, na nilijua nakwenda kupata picha ya jalada la riwaya yangu.

Aliyepiga picha alikuwa kijana mmoja mchangamfu, amechoka macho yamekuwa mekundu, lakini ana subira ya mwalimu. Alimlaza Babu juu ya meza, akaweka chini ya mguu kitu bapa kama trei chenye filamu ndani, akaelekeza mashine, kisha akanivuta tusimame nyuma ya ukuta wenye risasi, ile madini nzito. Ikasikika "mmmh-tak". Imekwisha. Akamgeuza Babu ubavu, akapiga tena.

"Mbona mara mbili?" nikauliza.

"Dogo, hii siyo picha kama ya studio," akasema. "Hiki ni kivuli. Kivuli kimoja kinadanganya. Kitu kinaweza kujificha nyuma ya mfupa ukadhani hakipo. Ukipiga mbele na ubavuni, hakina pa kujificha."

Tukisubiri filamu ikatoka gizani ilikokuwa ikisafishwa, nilimwandama kwa maswali naye akanijibu. Nimesoma zaidi baadaye, lakini msingi alinipa yeye, pale koridoni, katikati ya vilio vya watu.

Ndani ya ile mashine kuna chupa ya kioo isiyo na hewa. Upande mmoja kuna waya mwembamba unaopashwa moto kama ule wa taa ya balbu. Waya ukipata moto, chembe ndogo kabisa za umeme, elektroni, zinachomoka. Sasa umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230. Pale zinatumika volti kama 60,000 kuzivuta zile elektroni kwa kasi ya ajabu hadi zijibamize kwenye bamba la madini magumu yaitwayo tungsteni. Karibu nguvu yote ya kule kujibamiza inakuwa joto tu. Sehemu ndogo mno, haifiki hata moja katika mia, ndiyo inayotoka kama miale ya eksrei. Miale hiyo ni ndugu wa mwanga wa kawaida, ila ina nguvu zaidi, na haizuiwi na kila kitu kama mwanga unavyozuiwa.

Haizuiwi na kila kitu, lakini vipo vinavyoizuia. Hapo ndipo penye siri yote. Nyama yetu imejengwa kwa vitu vyepesi: kaboni, haidrojeni, oksijeni. Miale mingi inapita. Mfupa una kalisi, ambayo atomu zake ni nzito zaidi, basi miale mingi inakwama. Chuma kinaizuia zaidi ya mfupa, na risasi zaidi ya chuma. Ile inayofaulu kupita inaifikia filamu na kuifanya nyeusi. Pale miale isipofika panabaki peupe. Kwa hiyo, msomaji, ule weupe wa mfupa unaouona kwenye eksrei siyo mfupa wenyewe. Ni mahali ambapo miale haikufika.

"Bomu likiacha kipande mwilini kinaonekanaje?" nikauliza.

"Aa, hicho hata mtoto anakiona. Kinakuwa cheupe pee, kuliko mfupa, kingo zake kama zimekatwa kwa wembe."

Akaniambia kuwa kuwatafutia askari vyuma mwilini ni kazi ya zamani ya mashine hii. Aliyeigundua miale yenyewe ni Mjerumani, Wilhelm Röntgen, tarehe 8 Novemba 1895. Alikuwa amefunika chupa yake kwa karatasi nyeusi nzito, lakini kibao kilichopakwa dawa, mbali kidogo mezani, kikang'aa gizani. Hakujua ni miale gani, akaiita X, kama tunavyoiita namba tusiyoijua kwenye hesabu za aljebra. Wiki chache baadaye akapiga picha mkono wa mkewe: mifupa ya vidole, na pete ikielea kwenye kidole kimoja. Mwaka 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia, ya kwanza kabisa kutolewa, na hakutaka kuikatia hatimiliki miale yake ili ajitajirishe. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Marie Curie alifunga mashine za eksrei kwenye magari, zikapelekwa karibu na uwanja wa vita Ufaransa, madaktari wakaweza kuona risasi na vipande vya mabomu viko wapi kabla ya kupasua.

Nilisikiliza na moyo wangu ukiwa juu. Marie Curie na Babu yangu katika hadithi moja!

Filamu ikatoka, bado ina unyevu, inanuka dawa. Jamaa akaibandika kwenye kisanduku cha taa. Nikasogea.

Sikuona cheupe pee.

Nikatazama ya mbele, nikatazama ya ubavuni. Ulikuwepo mfupa mdogo wa nje wenye ufa mwembamba mweusi, huo ulikuwa wa jana. Na ulikuwepo muundi, umevimba katikati kama fundo la mwanzi, umepinda. Basi. Hakikuwepo kitu kingine chochote.

"Huu ufa ni mpya," jamaa akasema, "unaona mstari wake ulivyo mkali. Lakini hapa kwenye muundi mzee alivunjika zamani sana. Mfupa umejiunga wenyewe ukiwa umepinda. Alianguka?"

"Chuma kiko wapi?" nikauliza.

"Chuma gani?"

Nikasema labda kilitolewa. Nikasema labda kimeoza. Akanitazama kwa huruma. Chuma hakiozi kikaisha hivyo ndani ya mtu, akasema, na kama kingetolewa, mzee mwenyewe angejua. Lakini Babu alikuwa ametuambia kila siku ya maisha yetu kwamba kimo. Kinampa habari za mvua.

Babu akafungwa hogo. Nikabeba bahasha. Kwenye basi la kurudi Kamachumu hakuniuliza picha imesema nini, nami sikumwambia. Tulizungumzia ndizi, tukazungumzia bei ya kahawa. Mimi nilikuwa na hasira. Siyo ya kudanganywa tu. Nilikuwa na sura nane, jamani! Nilimwona amenichezea mimi, na darasa zima nililolisomea ile riwaya.

Nikaanza kuisoma eksrei kama mtu aliyeachwa anavyofuatilia habari za mchumba wake. Nikajua kwamba wanaitumia kutazama maungio ya mabomba ya chuma kama yana ufa ndani, na makontena bandarini bila kuyafungua. Rafiki yangu mmoja anayekagua mizigo uwanja wa ndege ameniambia kuwa mashine zao zinapaka rangi: vitu vyenye asili ya uhai, kama chakula, nguo na karatasi, vinaonekana vya machungwa, na vyuma vinaonekana vya bluu. Sanduku la Mhaya msimu wa senene, anasema, linapita lote la machungwa. Senene, kahawa, ndizi, na kitabu kama anacho. Mashine haijui senene ni nini. Inajua ni kitu chepesi, chembamba, kingi. Mwenye kusema "hawa ni senene" ni mtu aliyekaa mbele ya kioo, na anasema hivyo kwa sababu amewahi kuwala.

Nikasoma pia habari za picha ya Picasso, mzee kipofu anayepiga gitaa, aliyoichora mwanzoni mwa karne ya 20 na ambayo sasa iko Chicago. Walipoipiga eksrei waliona chini ya rangi kuna picha nyingine, mwanamke. Mchoraji alikuwa maskini, akachora juu ya ubao uleule. Mashine ilimwonyesha yule mwanamke. Haikusema ni nani wala kwa nini alifunikwa.

Miezi miwili ilipita. Hogo lilishatolewa. Asubuhi moja nilimkuta Babu amekaa kitandani, bahasha ameitoa mwenyewe chini ya godoro langu, ameinua filamu kwenye dirisha. Mkono ulikuwa ukimtetemeka.

"Mwana wange," akasema, "nionyeshe chuma."

Sikujua kama ananijaribu. Nikasema, "Babu, sikioni."

"Hakipo."

"Ndiyo, Babu. Hakipo."

Akaiweka picha magotini, nyuso zetu zote mbili zikaitazama, na akazungumza bila kuinua kichwa. Mwaka 1978 alikuwa na miaka 24, kuli pale bandarini Bukoba. Ndege za Amin zilikuja kuushambulia mji. Vita ilipokolea, na habari za Kyaka zikafika, watu wakaanza kukimbilia kusini. Mdogo wake akasema anajiandikisha mgambo. Babu akamwambia, "Tangulia, nakuja." Usiku ule akapanda lori lililojaa watu na magodoro. Kwenye mteremko karibu na Muhutwe, lori likayumba, akaanguka. Mguu ukavunjika. Mzee mmoja wa kijijini aliyejua kuunga mifupa akaufunga kwa vijiti, ndiyo maana ukapinda.

"Nilipokuwa nimelala na vijiti vyangu, akaja mtu aliyekuwa naye," Babu akasema. "Akatuambia kipande cha bomu kilimwingia mguuni. Damu ilimwishia njiani."

Nikanyamaza.

"Mguu gani hakusema. Na mimi sikuuliza." Akagusa picha pale palipovimba. "Nilimwambia nakuja."

Hakuongeza kitu. Akaniomba nimletee maji ya kunawa.

Nilitaka kukwambia, msomaji, kwamba pale pale nilimwelewa nikamsamehe, lakini ningekudanganya. Nilikaa kama mwaka mzima bila kumwuliza habari za Kyaka, na yeye hakusimulia tena mbele yangu. Wazee wakija, watoto wakiuliza, alikuwa akinitazama kwanza. Nikawa natoka nje. Leo naona ule ndio ukatili mkubwa niliowahi kumfanyia mtu, na niliufanya kimyakimya, bila kumkosea heshima hata kwa neno moja.

Babu alifariki mwaka 2021. Usiku wa matanga ukoo ulikaa ukagawa kazi. Baba mkubwa akasema, "Wasifu wa marehemu ataandika huyu, si ndiye mwandishi?" Watu wakakubali. Nikapewa karatasi, kalamu, na taa. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya uandishi niliyowahi kupewa na watu wazima, na nilijua itasomwa mbele ya kijiji kizima.

Niliandika nikachana mara nne. Nikiandika chuma, nimesema uongo juu ya jeneza. Nikiandika lori, nimemvua nguo mzee wangu mbele ya watu asiyeweza kujitetea. Alfajiri nikaandika hivi: "Mwaka 1978, katika siku za vita ya Kagera, alivunjika mguu akitoka Bukoba. Katika vita hiyo alimpoteza mdogo wake, aliyempenda sana, na kila mwaka alikwenda Kaboya kumkumbuka." Nikayahesabu maneno moja moja. Hakuna la uongo.

Niliposoma, nilisikia minong'ono upande wa vijana. Baba mkubwa alinikazia macho: chuma kimeenda wapi? Baada ya maziko nikajificha nyuma ya migomba. Akanifuata mmoja wa wale wazee wa kahawa, anatembea polepole, fimbo mkononi.

"Wewe mtoto," akasema, "umeandika 'akitoka Bukoba'."

"Samahani, mzee wangu."

"Nani alikwambia?"

"Yeye mwenyewe."

Akatikisa kichwa, vilevile kama alivyokuwa akitikisa jioni zote zile. Akatoa punje mbili za kahawa mfukoni, akanipa moja.

"Lori lile," akasema, "mimi nilikuwa nimekaa juu ya magodoro. Mimi ndiye niliyegonga bodi dereva asimame."

Nikamtazama. Miaka yote ile! "Mbona hamkuwahi kumwumbua?"

"Tumwumbue tukisema nini? Kwamba tulimwona anakimbia?" Akatafuna. "Tulimwona tukiwa wapi?"

Akageuka akarudi kwa wenzake.

Ile riwaya ya "Chuma cha Kyaka" sikuichoma, kama wanavyofanya waandishi kwenye filamu. Ipo kwenye sanduku, juu ya bahasha. Nimeanza nyingine. Inaanzia kwenye lori, usiku, watu wamebanana na magodoro, na kijana mmoja ameshika ubao wa nyuma anatazama mji unavyobaki. Nimefika ukurasa wa 60. Bado hajaanguka. Kila nikifika kwenye ule mteremko wa Muhutwe, kalamu inasita, kwa sababu najua akishaanguka itabidi niandike yule mtu wa habari anavyoingia mlangoni, na Babu amelala na vijiti vyake, haulizi ni mguu gani.